Mgodi Ukifungwa: Fao la Kukosa Ajira na Watu wa Kwetu Kahama

Hotuba ya kamati tendaji iliyosomwa kwenye harambee ya mwaka ya chama chetu cha maendeleo



Kila mwaka tunaposimama mbele yenu huwa tunaomba mabati, saruji na madawati. Hivyo ni vitu vya kuonekana. Mtu akichangia, siku akienda kusalimia nyumbani anapita barabarani na kusema, darasa lile na mimi nimo. Mwaka huu tunaomba mtuvumilie kidogo, maana sehemu ya fedha tunayoitafuta haitapigwa picha. Tunataka kuzungumza juu ya watu wetu waliokuwa na kazi na sasa hawana, na juu ya fedha yao halali ambayo ipo, na wengi wao hawaifikii.

Kwetu Kahama mshahara kwa sehemu kubwa uliletwa na dhahabu. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza uzalishaji mwaka 2001, Buzwagi ukafuata mwaka 2009. Kabla ya hapo mwenye mshahara alikuwa mwalimu, mganga wa zahanati, karani wa ushirika wa pamba na mtu wa reli pale Isaka. Wengine wote tulikuwa watu wa mpunga, pamba, ng'ombe na biashara. Migodi ilipokuja, kijana wa Mwendakulima au Bugarama akawa na hati ya mshahara mfukoni, na ukoo mzima ukaijua tarehe ya mshahara kuliko yeye mwenyewe.

Pamoja na mshahara yalikuja makato ya hifadhi ya jamii. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, kwa kawaida 10 kutoka kwa mfanyakazi na 10 kutoka kwa mwajiri. Kwa miaka mingi watu wetu waliyaona makato hayo kama kibubu. Kazi ikiisha, unakwenda mjini, unakivunja kibubu, unanunua mashine ya kukoboa mpunga au kiwanja Nyasubi, maisha yanaendelea. Hilo ndilo lililoitwa fao la kujitoa. Wataalamu wa pensheni hawakulipenda, na walikuwa na hoja: mtu anayevunja kibubu kila baada ya miaka mitatu anafika uzeeni mikono mitupu. Wachimbaji nao walikuwa na hoja: chini ya ardhi hakuna anayefanya kazi hadi miaka 60, na mgodi wenyewe una umri wake.

Mwaka 2012 marekebisho ya sheria yalilifuta fao hilo. Wenye kumbukumbu wanajua kilichotokea. Wafanyakazi wa migodi ya Kanda ya Ziwa walikuwa mstari wa mbele kupaza sauti, na wapo walioamua kuacha kazi mapema wapate chao kabla mlango haujafungwa. Suala likafika bungeni na Serikali ikarudi nyuma. Lakini halikufa. Mwaka 2018 mifuko ilipounganishwa, PSSSF ikachukua watumishi wa umma na NSSF ikabaki na sekta binafsi, na katika sheria hiyo likaingizwa fao jipya: fao la kukosa ajira.

Tulieleze taratibu, maana tumegundua kwamba hata ndugu zetu waliosoma wanalichanganya na kikokotoo cha wastaafu. Hili ni la mtu ambaye bado hajafikisha miaka 55 na kazi imemtoka mikononi. Awe raia, awe amechangia walau miezi 18, awe ameachishwa na si kwamba aliandika mwenyewe barua ya kuacha, na awe hajapata ajira nyingine. Mtu wa namna hiyo hulipwa asilimia 33.3 ya mshahara wake kwa miezi sita. Aliyechangia chini ya miezi 18 hulipwa kwa mkupuo asilimia 50 ya michango yake. Anayeendelea kukaa bila kazi hadi miezi 18 ipite anaweza kuomba michango yake ihamishiwe kwenye mpango wa uchangiaji wa hiari. Michango mingine inabaki mfukoni hadi uzee.

Tuchukue mfano wa mshahara wa shilingi 600,000. Theluthi yake ni shilingi 199,800 kwa mwezi. Kwa miezi sita ni shilingi 1,198,800. Mtu huyohuyo kama alifanya kazi miaka minne, michango yake pamoja na ya mwajiri, bila kuhesabu faida, ni shilingi 5,760,000. Zamani angetoka na hiyo milioni tano na ushei kwa siku moja. Leo anatoka na milioni moja na laki mbili kasoro, kidogo kidogo, na nyingine inamngoja. Hapo ndipo ugomvi ulipo, na hatutaki kujifanya kwamba haupo. Kuna baba zetu humu ndani waliojenga nyumba kwa fao la kujitoa, na kuna wengine waliolimaliza kwenye baa za Kakola ndani ya mwezi mmoja. Wote tunawajua.

Maoni ya kamati ni kwamba kwa mchimbaji wetu fao jipya ni dogo mno kuitwa mtaji, na ni refu kiasi cha kumfaa kama posho ya chakula. Mkataba namba 102 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1952, unaweka kiwango cha chini cha asilimia 45 ya mshahara kwa wiki 13. Sisi tumepewa asilimia ndogo kuliko hiyo, ila kwa muda karibu mara mbili. Kwa familia inayosubiri mavuno ya mpunga miezi sita ni kitu. Mwenye nyumba ya kupanga hataki kusikia habari ya theluthi.

Sasa tuje kwenye mwenendo wenyewe, yaani madai haya yanakujaje kwetu. Hayaji kama mvua ya vuli, kidogo kidogo. Yanakuja kama mafuriko, halafu yanakauka. Mwezi Machi 2017 Serikali ilizuia kusafirisha makinikia nje ya nchi. Kufikia Septemba mwaka huo Bulyanhulu ikatangaza kupunguza shughuli zake, na mamia ya watu wakarudi nyumbani kwa mkupuo, wengine kazi ikiwa ndiyo kwanza imekolea. Mwezi Aprili 2020, wakati wa korona, mgodi wa almasi wa Mwadui kule Kishapu ukasimamisha uzalishaji, nao una watu wetu si haba. Mwaka huohuo ndugu zetu wa Arusha na Zanzibar wanaofanya kazi mahotelini walikaa miezi bila mgeni hata mmoja. Kisha ikaja zamu ya Buzwagi. Shimo lake lilikuwa limeacha kuchimbwa mapema zaidi, mawe ya akiba yakaendelea kusagwa, na mwaka 2021 ukafika mwisho wake.

Hayo yote tuliyaona yakija. Tunalisema bila kumlaumu mtu. Mgodi wa dhahabu hutangaza umri wake tangu siku ya kwanza, na Buzwagi haikuwa siri. Lakini mtu mwenye mshahara wa kila mwezi ni kama mtu aliye kivulini, hatazami jua limefika wapi. Halmashauri nayo ilikuwa kivulini, maana ushuru wa huduma, uliokuwa asilimia 0.3 ya mauzo, haukuwa fedha ndogo, na mgodi ukifungwa nao unakatika.

Wimbi la siku hizi ni la namna nyingine. Bulyanhulu ilirudi kuchimba chini ya ardhi mwishoni mwa mwaka 2020, na tunashukuru. Lakini ajira nyingi mpya zinazowapata vijana wetu ni za mikataba mifupi. Kuna reli ya kisasa inayokuja Isaka. Kuna bomba la mafuta ghafi kutoka Hoima hadi Tanga linalopita kwetu, na kule Sojo wilayani Nzega kuna karakana ya kupaka mabomba kinga ya joto, iliyozinduliwa mwaka 2024. Kuna viwanda vya kuchambua pamba vinavyoita watu msimu ukifunguliwa na kuwaaga pamba ikiisha. Kuna wakandarasi wa usafi, ulinzi na chakula ndani ya migodi. Kijana anafanya miezi saba hapa, mitano kule, anakaa, anaitwa tena. Kila safari anachangia, au anaambiwa kwamba anachangia. Akihesabu miezi yake yote, mara nyingi hafikishi 18.

Ndiyo kusema madai ya wazazi wao yalikuwa machache na makubwa, na ya vijana hawa ni mengi na madogo. Anayefuata fedha ndogo huchoka mapema. Nauli ya kutoka Ushetu au Kakola kuja mjini mara tatu, chakula cha njiani, picha za pasipoti, kutoa nakala, na kila safari anaambiwa bado karatasi moja. Wengi wanaamua kuiacha.

Tunaomba pia tuelewane juu ya jambo moja la takwimu. Mtu akisikia kwamba madai ya fao yamepungua hufurahi, akidhani watu wamepata kazi. Si lazima iwe hivyo. Fao ni la miezi sita. Mwezi wa saba mtu anatoka kwenye orodha hata kama bado amekaa kibarazani. Na kuna wale ambao hawakuwahi kuwemo kwenye orodha yoyote. Mgodi ukipunguza watu, mama lishe wa getini anapoteza wateja siku ileile, mwenye vyumba vya kupangisha anabaki na funguo, bodaboda anashinda chini ya mwembe. Hao hawana namba ya uanachama wala fao. Daftari la ofisi yoyote ya mafao linaonesha waliokuwa na mikataba, basi. Kwa hiyo tusilitumie kupimia njaa ya Kakola.

Katika mwaka uliopita kamati imekaa na ndugu wengi waliokwama. Tulidhani tutakuta kwamba tatizo ni sheria. Sheria ina mambo yake, tumeshayasema. Lakini yaliyowakwamisha wengi ni mambo ambayo mtu mmoja mwenye subira na meza angeweza kuyanyoosha.

La kwanza, na ndilo linalotuuma kuliko yote, ni barua ya kuacha kazi. Mtu anaitwa ofisini, anaambiwa mkataba wako hauendelei, lakini kwa heshima yako andika mwenyewe barua ya kuacha, utapata cheti kizuri na watakuita tena mradi ukirudi. Anaandika. Hajui kwamba kwa mistari ile mitatu amejitoa kwenye fao la kukosa ajira, na pengine amejitoa pia kwenye kiinua mgongo cha sheria, ambacho kwa aliyetimiza mwaka mmoja kazini ni mshahara wa siku 7 kwa kila mwaka aliofanya, hadi miaka 10. Ndugu mmoja alituletea barua yake. Ilikuwa imechapwa tayari, nafasi ya jina na sahihi zimeachwa wazi. Tulimuuliza nani aliichapa, akacheka tu. Hatutaji mwajiri hapa, na hatusemi kwamba waajiri wote wako hivyo. Tunachosema ni kwamba barua ya namna hiyo isisainiwe. Anayeachishwa apewe barua ya kuachishwa inayotaja sababu, na cheti cha utumishi, ambacho ni haki yake hata kama aligombana na bosi.

Na kama ameachishwa kwa uonevu, muda hausubiri. Mlalamikaji anatakiwa kufika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, ile CMA, ndani ya siku 30. Watu wetu huzitumia siku hizo kwenda kwanza kwa diwani, kisha kwa mchungaji au shehe, kisha kwa mjomba anayejuana na meneja. Heshima kwa wote hao, lakini siku ya 31 ikifika kesi inaanza kwa kuomba msamaha wa kuchelewa.

La pili ni majina. Hapa wageni wetu mtatusamehe, hili ni letu wenyewe. Sisi ni watu ambao mtoto akizaliwa pacha ni Kulwa au Doto, anayefuata baada yao ni Shija, halafu akienda kubatizwa anakuwa Joseph, akianza shule mwalimu anaandika jina la babu badala ya la baba, na akifika mgodini karani anafupisha. Kitambulisho cha Taifa kinasema Shija Kulwa Masanja, kadi ya mfuko inasema Joseph Masanja, akaunti ya benki inasema Joseph S. Kulwa. Nyumbani wote tunamjua ni mtu mmoja. Kompyuta inaona watu watatu, na mmoja wao ndiye aliyechangia. Dawa yake ni kiapo cha majina mbele ya wakili au hakimu na marekebisho ya kumbukumbu. Si dawa ngumu, ila mtu aliyekwisha kuachishwa kazi hana fedha ya wakili wala moyo wa kuanza safari nyingine. Tunawasihi walio kazini leo, kesho kutwa Jumatatu mkaangalie majina yenu yanavyosomeka, kazi ingali ipo.

La tatu ni michango isiyofika. Hati ya mshahara inaonesha makato, lakini mfuko haujayaona. Sheria inamtaka mwajiri apeleke mchango ndani ya mwezi unaofuata, na akichelewa kuna adhabu. Migodi mikubwa haikutuletea kesi za namna hii. Zilizotufikia zilihusu wakandarasi wadogo wanaobadilisha jina la kampuni kila zabuni. Mfanyakazi anagundua siku anapodai, na siku hiyo ofisi ya mkandarasi ni fremu yenye kufuli. Mwenye simu anaweza kuuliza michango yake kila mwezi bila kuondoka kitandani. Tunza hati za mshahara, hata zikiliwa na mende nusu. Na wale waliokuwa wanachangia PPF kabla ya Agosti 2018 waje na namba zote mbili, ya zamani na ya sasa.

Kuna na wale waliotoka kazini kwa kuumia au kwa ugonjwa wa mapafu unaotokana na vumbi la mwamba. Baadhi yao wanahangaika na fao la kukosa ajira wakati mlango wao wa kwanza ni Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF. Mgongo ulioharibika kazini una mfuko wake, na usihesabiwe kama kukosa bahati.

La mwisho tunalisema kwa sauti ndogo kidogo. Ni kausha damu. Mtu anaachishwa leo, kesho anakopa kwa riba ya kila wiki huku akiacha kadi ya benki kwa mkopeshaji kama dhamana, akisema fao likiingia tutamalizana. Fao likiingia anayelitoa ni mkopeshaji. Tumekutana na mke wa ndugu mmoja ambaye hakujua kwamba mumewe alilipwa miezi yote sita. Hata mume hakuwa amemficha. Fedha haikuwahi kufika nyumbani hata mara moja, basi hapakuwa na cha kueleza.

Sasa tunajua yanayosemwa pembeni. Kwenye vikao vya maandalizi mjumbe mmoja alisimama akauliza, kwa nini fedha ya madarasa iende kwa watu wazima waliokula mishahara ya mgodi, waliotupita barabarani na magari wakati sisi tukiwa na baiskeli? Ni swali la haki, na kamati ililijadili usiku mmoja mzima. Majibu yetu ni mawili. Kwanza, watoto wanaoacha shule ya sekondari katikati ya muhula, wengi tuliowafuatilia baba zao ni hao hao. Darasa tulijenga, mwanafunzi amekwenda kuchota mchanga wa dhahabu Nyangalata. Pili, fedha tunayoitafuta hatutawagawia. Tunataka kuwasaidia wafikie iliyo yao, na kila shilingi laki moja itakayotoka kwenye mfuko itatumika Kahama, kwenye duka la Kahama, kwa karo ya shule ya Kahama. Mjumbe aliyeuliza hakuridhika kabisa, na yupo hapa leo, na amechangia.

Tunachoomba ni hiki. Tunataka kufungua dawati la mafao mjini Kahama, chumba kimoja, meza, kompyuta, mashine ya kutoa nakala na mtu mmoja wa kudumu anayejua sheria za kazi. Mara mbili kwa mwezi mtu huyo atoke: wiki moja Kakola, wiki nyingine upande wa Ushetu, ili mwenye karatasi zake asipande gari mara tatu. Dawati lichukue karatasi zote kwa pamoja, lizikague, likamilishe kilichopungua, ndipo mwombaji aende ofisi ya mfuko mara moja. Lisaidie gharama ya viapo vya majina. Liwe na daftari letu wenyewe la kuandika nani alidai, lini, akakwama wapi, akalipwa lini, ili mwakani tukisimama hapa tuwasomee hesabu badala ya hadithi. Mawakili wawili kutoka matawi yetu wameahidi kutoa saa zao bure. Bado tunahitaji wengine, na yeyote aliyewahi kufanya kazi kwenye idara ya rasilimali watu atatufaa pia, kwa kuwa anajua barua zinavyoandikwa upande ule.

Sehemu ya pili ni zana. Fundi wa kuchomelea aliyefanya miaka kumi mgodini anajua kazi kuliko vijana wengi wenye vyeti, lakini akitoka getini mashine ni ya mgodi na cheti hana. VETA wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi ambao mtu aliupata kazini bila kukaa darasani. Anapimwa, anapewa cheti. Tunataka kuwalipia ada ya upimaji huo na kuwakopesha zana, bila riba, kwa vikundi vya watu watatu au wanne: mashine ya kuchomelea, seti ya spana, jenereta. Marejesho yaanze mwezi wa nne, hapo fao bado linaingia. Hatutaki kuanza mwezi wa saba, mtu ameshakauka. Mafundi wa mitambo, wa umeme na wa mabomba ndio tutakaoanza nao, kwa sababu mji wetu ni wa mashine za mpunga na malori yanayopita kwenda Rwanda na Burundi, na mashine na lori haviishi kuharibika.

Madawati ya shule hatujayaacha. Kamati imependekeza theluthi mbili ya makusanyo ya leo iende kwenye madarasa kama kawaida yetu na theluthi moja kwenye mambo haya mawili. Tumechagua theluthi kwa makusudi, ili tukumbuke kile anachopata mwenzetu kila mwezi.

Na kwa wenye biashara humu ndani, wakiwemo wakandarasi, tuna ombi lisilohitaji bahasha. Pelekeni michango ya watu wenu kwa wakati, na siku mkiwaachisha waandikieni barua ya kweli. Kwa wale waliojiajiri, wachimbaji wadogo, wakulima wa mpunga, mama lishe, bodaboda: NSSF inapokea wanachama waliojiajiri, na dawati letu litawaandikisha pia. Mama lishe wa getini asibaki nje ya orodha mara ya pili.

Kadi za ahadi ziko kwa wahazini wa matawi, meza ya kulia mlangoni. Anayetaka fedha yake iende kwenye dawati aandike D, kwenye zana aandike Z, kwenye madarasa aandike M. Asiyeandika kitu tutagawa kwa ile theluthi. Risiti ni lazima, hata kwa elfu mbili. Wenye ndugu waliokwama, andikeni nyuma ya kadi jina lake kama lilivyo kwenye kitambulisho, na kama lilivyo kwenye kadi ya mfuko, yote mawili.